Kuishi na Nge Mwambao wa Tanga: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Nyumba

Kama unasoma haya huku mtu kaumwa na nge sasa hivi, soma hatua ya kwanza peke yake, uifuate, na dalili zikikuelekeza hospitali, uende. Mengine yatakusubiri. Ndiyo maana nimeitanguliza huduma ya kwanza, ingawa wengi huiweka mwisho.

Kwa mwenye nafasi ya kusoma yote, neno langu ni hili. Nge haingii nyumbani kwako kwa chuki wala kwa kutumwa. Anafuata vitu viwili: pa kujibana mchana na mende wa kula usiku. Mwambao wetu, kuanzia Mkinga hadi Pangani, una vyote viwili kwa wingi. Kuna kuta za mawe ya matumbawe zilizopasuka, nyumba za fito na udongo, mapaa ya makuti, marundo ya makumbi ya nazi nyuma ya jiko, na joto la kutosha mwaka mzima. Ukimnyima hivyo viwili, wengi wao watahama bila kupuliziwa chochote. Usipomnyima, utapuliza dawa mpaka uchoke na bado utamkuta kwenye kiatu cha mtoto.

Hatua ya kwanza: mtu ameumwa, fanya haya

Msogeze kwanza. Nge aliyeuma mara nyingi bado yupo palepale, ndani ya shuka au chini ya mkeka, na anaweza kumuuma tena huyohuyo au anayekuja kusaidia. Kung'uta nguo za aliyeumwa, mpeleke penye mwanga, mkalishe. Mwambie ukweli: maumivu ni makali, lakini watu wazima walio wengi huumia kwa saa kadhaa kisha wakapona. Anahitaji kutulia ili aweze kukueleza anachohisi, na hayo maelezo utayahitaji.

Osha palipodungwa kwa maji na sabuni. Vua pete, bangili, saa au kiatu upande ulioumwa kabla hapajavimba. Kisha tafuta baridi. Karibu kila mtaa kuna nyumba inayouza barafu za vifuko. Chukua moja, izungushie kipande cha khanga, iweke juu ya jeraha kwa dakika 10 hadi 15, iondoe kidogo, uirudishe. Usiweke barafu tupu kwenye ngozi, hasa ya mtoto, maana nayo huunguza. Kwa maumivu mpe parasetamo. Mtu mzima hupewa vidonge 2 vya miligramu 500, asirudie kabla ya saa 6 kupita, na asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa dozi moja. Mtoto asipewe aspirini.

Sasa yale ya kuacha. Usichanje kwa wembe. Usinyonye jeraha. Usifunge kamba wala kitambaa juu ya palipoumwa, kwa sababu sumu ya nge ni kidogo sana kwa kipimo na husambaa upesi. Kamba itazuia damu tu na kuacha mkono umekufa ganzi. Usipake mafuta ya taa wala maji ya betri. Usimpe pombe.

Na jiwe jeusi? Wazee wetu wengi wanalo, la kubandika kwa aliyeumwa na nyoka au nge. Sigombani na mzee aliyeamka usiku wa manane kwa huruma. Lakini jiwe halivuti sumu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba linakula muda. Watu wanakaa wakilingoja lidondoke huku mtoto anabadilika mbele ya macho yao.

Hapa ndipo penye roho ya hatua hii: mwangalie mtu, usiangalie jeraha. Nge wenye sumu kali wa kwetu hawachubui wala hawaozeshi nyama. Unaweza kukuta pameumwa na hapana hata uvimbe, kidoa tu kisichoonekana vizuri. Sumu yao inashika mishipa ya fahamu na kuifanya ipeleke amri bila kukoma, ndiyo maana dalili za hatari zinatokea mbali na jeraha. Mate yanamjaa mdomoni na kumtoka. Jasho linamwagika hali ya hewa ni ya kawaida. Anatapika mara kwa mara. Macho yanazunguka bila kutulia. Misuli inarukaruka, mikono na miguu haitulii. Anashindwa kumeza, au sauti inakuwa nzito kama ya aliyelewa. Anahema kwa shida. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio kupita kiasi au yanapungua. Mtoto wa kiume uume unaweza kusimama bila sababu. Mzazi asione haya kulisema, ni dalili ambayo daktari anataka kuijua. Ukiona hata moja, mpeleke hospitali bila kungoja ya pili.

Wapo wa kupelekwa hata kabla dalili hazijaonekana: mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka 5, mjamzito, mzee, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, na yeyote aliyeumwa usoni au shingoni. Kiasi kilekile cha sumu kinachomsumbua baba wa kilo 70 kinaingia katika mwili wa kilo 10. Vilevile nenda haraka ikiwa uso au midomo inavimba na vipele vinamtoka mwilini, maana huo ni mzio, na mzio unaua kwa njia yake.

Ukiwa Tanga mjini, nenda hospitali ya mkoa ya Bombo. Muheza kuna Hospitali Teule, Pangani kuna hospitali ya wilaya. Ukiwa kijijini mbali na hapo, anzia kituo cha afya kilicho karibu huku usafiri wa kuendelea mbele ukitafutwa. Njiani mlaze kwa ubavu kama anatapika au mate yanamjaa, na usimpe chakula. Mwambie muuguzi mambo manne: saa aliyoumwa, umri na uzito, dawa uliyompa, na dalili zilivyofuatana. Picha ya nge kwenye simu inasaidia ikiwa umempiga bila taabu, lakini usipoteze dakika hata moja kumsaka. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Asiye na dalili, na hayumo kati ya hao wa kupelekwa moja kwa moja, abaki chini ya uangalizi. Kwa mtoto, mtu mzima mmoja akae macho naye kwa saa 6 tangu alipoumwa. Ganzi na kuchonyotachonyota kwa siku moja au mbili ni kawaida.

Hatua ya pili: mjue unayeishi naye

Nge ana miguu 8, magando 2 mbele, na mkia wa pingili 5 unaoishia kwenye kifuko cha sumu chenye mwiba. Ni jamaa wa buibui na kupe. Zaidi ya aina 2,000 zinajulikana duniani, na zile zinazoweza kumuua mtu ni chache, karibu zote za ukoo mmoja unaoitwa Buthidae. Ukoo huo kwetu pia upo.

Kuna kanuni ya kukisia inayofaa kila mtu kuishika: tazama magando na mkia pamoja. Magando manene na mkia mwembamba, huyo hutegemea nguvu za magando, na sumu yake kwa kawaida ni hafifu. Magando membamba na mkia mnene, huyo hutegemea sumu, na ndiye wa kumwogopa. Kwa hiyo yule mkubwa anayewatoa watu mbio siye mbaya zaidi, na yule mdogo wa rangi ya majani makavu, anayedharauliwa, ndiye wa kutunza naye adabu. Kanuni hii ni ya kukisia tu, haimruhusu mtu kushika.

Mkubwa mweusi mwenye magando mapana yenye wekundu ni Pandinoides cavimanus. Maandishi ya zamani humwita Pandinus cavimanus. Akikomaa hupita sentimita 10. Anachimba shimo au kujilaza chini ya magogo, na mvua kubwa ikijaza shimo lake hutoka nje, ndipo watu wanapomkuta uwanjani na kupiga kelele.

Wa pili ni Babycurus jacksoni, mwekundu wa kahawia, mwembamba kiasi, mpanda miti. Huyu anajificha chini ya magome, na asiyejua hushangaa kumkuta ukutani juu ya kichwa chake au kwenye makuti. Akiuma anauma kwelikweli. Wa tatu ni Isometrus maculatus, wa manjano iliyofifia mwenye madoa meusi, magando marefu membamba. Amesambaa katika nchi nyingi za joto kwa kusafirishwa ndani ya shehena za meli, hivyo si ajabu kuwa mji wa bandari unamfaa. Yupo pia bapa, Iomachus politus, aliyelala chapati kiasi kwamba huingia katika ufa wa jiwe ambao usingedhani unapitisha kitu.

Nyika kavu za bara, upande wa Mkomazi, zina jamii ya Parabuthus, wenye mkia mnene sana. Hao ndio hasa wa kuogopwa, na mtu wa pwani anayekwenda huko kuchunga au kuchimba madini aende na viatu vya kufunika mguu.

Jike la nge halitagi mayai, huzaa. Watoto hupanda mgongoni kwa mama na kukaa hapo mpaka wajivue ngozi ya kwanza. Niliwahi kummulika mmoja kwenye ukuta wa magofu ya Tongoni kwa tochi ya zambarau, ambayo nitaieleza katika hatua ya tatu: mama anawaka kijani cha kung'aa, na mgongoni mwake kuna rundo lililofifia, halitoi mwanga. Nilipomulika kwa tochi ya kawaida nikaona ni watoto, weupe, wamebanana miguu ndani ya miguu. Ngozi yao changa bado haijawa na kile kinachowaka. Mama hakukimbia, aliinamisha mkia juu yao.

Hatua ya tatu: fanya ukaguzi wa usiku

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Watu hufukia nyufa na kuhamisha kuni kwa kubahatisha, bila kujua nge wao wanakaa wapi hasa. Usiku mmoja wa kukagua utakuokoa kazi ya wiki.

Ngozi ya nge inawaka kijani au bluu ya kijani ikipigwa na mwanga wa urujuanimno, ambao hapa nauita wa zambarau. Tochi zake zinauzwa madukani, ni zile za kukagulia noti bandia. Zipo za nanomita 395 na za nanomita 365 (ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga); ya 365 humwonyesha nge vizuri zaidi kwa sababu yenyewe haitoi zambarau nyingi ya kukuchanganya, ila ya 395 ndiyo ya bei nafuu na inatosha. Usiimulike machoni, yako wala ya mtoto.

Chagua usiku wa giza. Nge wengi hupunguza kutembea mbalamwezi inapowaka, kwani wanaonekana na bundi na wanyama wengine wanaowala. Kwa mtu wa pwani hesabu ni rahisi: chukua bamvua, yaani maji makuu, ya mwezi mwandamo, uache ile ya mwezi mpevu. Toka kati ya saa 2 na saa 5 usiku, vaa gambuti, suruali ndefu, na mkono wa pili ushike tochi ya kawaida, kwa sababu tochi ya zambarau haikuonyeshi nyoka. Uwe na mwenzako.

Anza ukutani nje, kuanzia msingi hadi usawa wa kichwa, ukienda taratibu. Kisha mashina ya minazi na miembe, ua wa makuti, kuni, matofali, choo, ukingo wa karo. Malizia ndani: nyuma ya kabati, chini ya kitanda, juu kwenye boriti. Utadanganywa mara chache. Karatasi na kanzu iliyofuliwa kwa sabuni ya unga zinawaka pia, lakini kwa weupe wa bluu. Kijani cha nge ni cha aina yake, ukishakiona mara moja hukisahau. Kila unapomwona, weka alama ya chokaa au mkaa mahali hapo bila kumsogelea. Asubuhi tembelea alama zako. Utakuta zimejipanga kufuata ufa mmoja, rundo moja, au taa moja.

Ndiyo, taa. Balbu nyeupe juu ya mlango inaita nondo na mende, na nge anakuja kusubiri chini yake. Ihamishie mbali na mlango, au weka ya manjano isiyovuta wadudu wengi.

Hatua ya nne: safisha uwanja

Vaa gambuti na glovu nene, na usisogeze kitu chochote kwa kukiinua kutoka upande ulipo mwili wako. Vuta kwa jembe au reki kutoka upande wa pili, ili kilicho chini kikimbilie mbali nawe. Kazi hii ni ya asubuhi, kukiwa na mwanga. Watoto wasiwepo.

Kuni zitoke ukutani. Zijengee kichanja cha nguzo, angalau sentimita 30 juu ya ardhi, mita kadhaa kutoka nyumbani, na anayechukua kuni asichukue usiku kwa kupapasa. Makumbi na vifuu vya nazi ni tatizo letu wenyewe watu wa Tanga. Kila nyumba ina rundo, kila rundo lina unyevu chini na mende ndani. Usiliache likae msimu mzima. Yanayofaa kuwashia moto yatumie, ya usumba wapelekee wasokotaji, mengine yafukie shambani. Mawe ya matumbawe yaliyobaki baada ya ujenzi nayo hivyohivyo. Watu huyaweka miaka wakisema wataongeza chumba.

Kisha acha ukanda wa mita moja kuzunguka nyumba yote, usio na majani wala vitu, uliofagiwa. Bibi zetu waliufagia kwa ufagio wa chelewa kila alfajiri, na faida yake ni kwamba nge hapendi kuvuka mahali peupe, na akivuka anaonekana.

Ukitaka kujua kama kazi imefaa, tega gunia. Lilowanishe gunia la katani, litandaze jioni karibu na msingi wa nyumba, na asubuhi lifunue kwa fimbo ndefu. Nge akipenda unyevu na giza atakuwa ameingia chini. Ni mtego usiogharimu kitu, na unaweza kurudia kila wiki. Kuku nao husaidia, wanawadonoa nge wadogo na mende pia, ila hulala mapema wakati nge anaamka, kwa hiyo usiwaachie kazi yote.

Wanaofanya kazi mashamba ya mkonge wanajua kuwa majani makavu yaliyorundikana chini ya mche ni nyumba ya wadudu wengi. Kwao glovu na buti ni kila siku, na nguo za kazi zisiletwe ndani kabla ya kukung'utwa.

Hatua ya tano: ukuta, mlango, paa

Chukua njiti ya kiberiti. Popote inapopita, nge mdogo au bapa anaweza kupita. Zunguka nyumba nayo.

Nyufa za ukuta wa mawe zizibe kwa chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga laini. Kwa kuta za zamani za matumbawe nashauri chokaa badala ya saruji tupu, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, nayo hupasuka pembeni na kuacha ufa mpya. Nyumba ya fito na udongo ikandikwe upya kabla ya mvua, na uangalie zaidi kona ambako nguzo inakutana na ukuta. Udongo ukikauka hujitenga na mti pale kila mara.

Mlango kagua mchana: funga, zima taa, inama. Ukiona mwanga chini, pigilia kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli urefu wote wa ubao, kiguse sakafu. Madirisha yawekewe wavu usiotoboka. Tundu la choo cha shimo liwe na mfuniko, maana mende wanatoka huko. Bomba linalodondoka litengenezwe, kwani kwenye kiangazi kirefu, unyevu huo unawavuta mende, na mende wanamvuta yeye.

Paa la makuti haliwezi kuzibwa, na sitakudanganya kwamba linaweza. Unachoweza ni kutandaza dari ya turubai au kitambaa kizito chini yake, juu ya vitanda angalau, na kubadilisha makuti yaliyooza kabla hayajaanza kumwaga vumbi. Matawi ya mti yanayogusa paa yakatwe.

Hatua ya sita: kitanda, viatu, mkeka

Chandarua si cha mbu peke yao. Kichomeke chini ya godoro pande zote nne kabla ya giza, kisiachwe kikiburuta sakafuni, kwa sababu kikiburuta kinakuwa ngazi. Vuta kitanda kiasi cha shibiri moja kutoka ukutani, shuka isining'inie. Nge hawezi kupanda kioo safi. Ukiweka kila mguu wa kitanda ndani ya gilasi pana nene au chupa imara ya mdomo mpana, umekata njia ya chini. Kopo la bati linafaa likiwa jipya, ila likipata kutu anapata pa kukanyaga.

Viatu vining'inizwe au viwekwe juu ya rafu, vikitazama chini, na kila mtu katika nyumba, kuanzia mtoto wa chekechea, ajue kuvigonga na kuvikung'uta kabla ya kuvaa. Sare ya shule, kanzu iliyokaa kwenye msumari, taulo, khanga iliyoachwa kitini: vyote vikung'utwe. Mfundishe mtoto kwa kumwonyesha kila asubuhi, akuone na wewe unafanya. Kumkemea hakutamfundisha.

Mkeka ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote. Kwenye kaskazi, Januari na Februari, joto linatutoa ndani na tunalala barazani. Mkeka uliosimama umekunjwa ukutani mchana kutwa ni mahali pazuri kabisa pa nge kujibana. Ukunjue mbali na watu, uupige pande zote mbili, kisha utandike. Vivyo hivyo mikeka ya madrasa, na hapa nawaomba maustadhi wawe na mtu mzima mmoja wa kufanya hivyo kabla watoto hawajaketi. Anayelala barazani, alale juu ya kitanda cha kamba, chandarua kikiwa juu yake.

Hatua ya saba: ukimkuta ndani

Watoe watoto, washa taa, usiondoe macho kwake. Ukishampoteza, usiku huo hutalala. Chukua gilasi au kopo pana la plastiki, mfunike, pitisha karatasi ngumu chini taratibu, geuza, funika. Kama yuko ukutani juu, tumia koleo ndefu ya jikoni, mshike mkiani nyuma ya kifuko cha sumu, umtumbukize kwenye ndoo laini yenye mfuniko. Usitumie kitambaa, wala usimkanyage kwa kandambili; mwiba unapita pembeni ya kandambili bila shida.

Kuua au kuachia? Waislamu tunaijua ruhusa ya kumuua nyoka na nge hata mtu akiwa ndani ya sala, na sina neno kwa anayeua aliyemkuta karibu na mwanawe. Ukitaka kuua, umpige mara moja kwa kitu kizito chenye mpini mrefu, na usimwokote kwa mkono baada ya hapo, kwani mwiba wa aliyekufa bado unadunga. Mimi yule mkubwa mweusi humpeleka porini, mbali na nyumba za watu, kwa sababu anakula mende na panzi na hana shida na mtu asiyemchokoza. Wenye mkia mnene siwabebi.

Dawa za kupuliza naziweka hapa, na kwa ufupi. Nge ana ngozi ngumu yenye nta, anatembea ameinua tumbo, na mchana yuko ndani ya ufa usikofika mvuke. Mara nyingi dawa humkera tu, akatoka akizurura chumbani. Fedha hiyo nunulia dawa ya mende ya kuweka kwenye kona, umkatie chakula. Usimwage mafuta ya taa kwenye mashimo na usitumie moto karibu na makuti.

Kazi za mwaka

Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, joto likiwa kali na mvua chache, nge wanatembea sana usiku. Ni miezi ya chandarua, mikeka na ukaguzi wa tochi kila mwezi unapoandama. Masika ikianza kumwaga, mwishoni mwa Machi hadi Mei, mashimo yanajaa na waliokuwa nje wanatafuta pakavu. Zile pembe za mlango ulizoziba kwa mpira zikaguliwe tena, na vitu vilivyo sakafuni viinuliwe.

Kusi likishakaza, Juni hadi Septemba, hewa inapoa na kuna siku nyingi kavu mfululizo. Huo ndio wakati wa chokaa, kukandika, kubadilisha makuti na kujenga kichanja cha kuni. Maliza kabla ya Oktoba. Mvua za kwanza za vuli zinapowatoa kumbikumbi, nge nao hutoka kuwala, wengi kwa usiku mmoja, na usiku huo taa ya barazani izimwe mapema na kila mwenye kwenda chooni aende na tochi na viatu.